Vijiti 126

Juzi jioni mwanangu alikuwa akifuta programu moja baada ya nyingine katika simu yangu, kwa kuwa simu ilikuwa imejaa naye alitaka nafasi ya mchezo wake, na kila alipotaka kufuta alinisomea kwanza ukubwa wa programu ile. Alipofika katikati alinyanyua kichwa akaniuliza, "Mama, na ile mliyoiandika nyinyi, ile ya makontena, ilikuwa kubwa kiasi gani?" Alitaka jawabu la megabaiti, lakini kabla sijafikiri mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Mia moja na themanini na saba." Akasema basi hiyo ni ndogo, akaendelea kufuta. Sikumsahihisha. Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku la chini ya kitanda, nikalitafuta daftari la mafunzo ya kupima ukubwa wa programu, ya mwaka 2010.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku tano, mwezi wa Mei, katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili karibu na Treasury Square, na mvua za masika zilinyesha tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ulikuwa mwaka mmoja tu tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zifike Mombasa, na kila ofisi ya mji huu, hata iliyokuwa na kompyuta mbili, ilitaka mfumo wake haraka. Sisi tulikuwa tumetoka kukabidhi mfumo wa kufuatilia makontena ya wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Tulimwahidi miezi mitatu, tukamkabidhi katika mwezi wa kumi na moja wa kazi. Katikati ya safari ile, katika mwezi wa saba wa kazi, mwenzetu mmoja kijana aliondolewa kazini kwa sababu ya uzembe. Neno hilo, uzembe, liliandikwa katika barua yake, na kabla ya barua kuandikwa mimi niliulizwa maoni yangu, nikasema ni kweli kazi yake inachelewa.

Siku mbili za kwanza nazipita upesi, ingawa zilikuwa na mengi. Mwalimu wetu alituanzishia na habari za Allan Albrecht wa kampuni ya kompyuta ya IBM, ambaye mwaka 1979 alipendekeza kwamba ukubwa wa programu usipimwe kwa mistari ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha, bali kwa kile ambacho mtumiaji anapewa nayo, kwa sababu mistari hutegemea lugha na mkono wa mwandishi, na anayeandika kwa ufupi huonekana amefanya kazi ndogo. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule kijana, kwa kuwa aliwahi kulichukua faili langu la mistari 400 akalipunguza hadi 90, likafanya kazi ile ile, na mwisho wa wiki katika karatasi ya hesabu ofisini alionekana ameandika kidogo kuliko sisi sote. Kisha tukapewa habari za Watts Humphrey, aliyefariki Oktoba ya mwaka ule ule, na ngazi tano za ukomavu wa kazi ya programu zilizotoka katika taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, alikofanya kazi baada ya kutoka IBM. Ngazi ya kwanza ni ya mahali ambapo kazi humalizika kwa sababu kuna mtu fulani hodari anayekesha, na akiondoka yeye kazi huondoka naye. Hakuna aliyeuliza sisi tuko ngazi gani.

Siku ninayotaka kuieleza ni ya tatu. Asubuhi ile mwalimu alitufundisha njia ya kupima ukubwa wa programu inayoitwa COSMIC, ambayo sheria yake ya msingi ni fupi kuliko nilivyotarajia. Kila kazi ambayo programu inamfanyia mtumiaji huvunjwa katika mienendo ya taarifa, nayo ni ya aina nne tu: taarifa kuingia kutoka kwa mtumiaji, taarifa kutoka kwenda kwake, taarifa kusomwa ghalani, yaani mahali programu inapozihifadhi, na taarifa kuandikwa ghalani. Kila mwenendo ni pointi moja, haidhuru ni mwepesi au mzito. Akatugawa makundi mawili, akatuambia tupime skrini moja ya mfumo wetu wenyewe, skrini ya kontena, ambayo katika mkataba ilihesabiwa kuwa ni kazi ya wiki moja sawa na skrini nyingine zote kumi na moja. Ndivyo tulivyoipata ile miezi mitatu: skrini kumi na mbili, wiki kumi na mbili.

Kundi letu lilipata 31. Kundi la pili lilipata 19. Tulibishana karibu nusu saa, kila upande ukiamini kwamba mwenzake hajaielewa sheria, nasi sote tulikuwa watu waliosoma.

Nyuma ya ukumbi alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye wakala yule alimleta kama mtumiaji wa mfumo, karani aliyezeeka bandarini Kilindini akihesabu mizigo inayoshuka melini tangu zama za magunia, kabla kontena hazijashika bandari yote. Tangu Jumatatu hakuwa amesema ila kuitikia shikamoo zetu. Siku ile alisimama, akamwomba mwalimu ruhusa, akaja mbele taratibu, akachukua kalamu. Chini barabarani alikuwa akipita muuza kahawa na dele lake, vikombe vinagongana mkononi, na nakumbuka mzee alingoja mpaka mlio ule ukapita ndipo akaanza kusema.

"Wanangu, mwahesabu bila geti," alisema. "Wekeni geti kwanza."

Akachora mstari mmoja wa wima katikati ya ubao. Upande huu, alisema, ni mimi karani na karatasi zangu. Upande ule ni mashine yenu. Na nyuma ya mashine akachora sanduku, hilo ndilo ghala. Kisha akaligeukia kundi letu, akauliza kwa upole vile vitu saba vya ziada ni vitu gani. Tukamwambia ni vitufe: kitufe cha kufungua ukurasa, cha kurudi nyuma, cha menyu, na vinginevyo. Akauliza, "Nikibonyeza hicho, pana habari ya mzigo iliyopita getini?" Tukasema hapana. "Basi hiyo ni kreni kuzunguka. Kreni yaweza kuzunguka mara mia. Kipitacho getini ndicho kihesabiwacho." Akatutolea saba, tukabaki na 24. Akawageukia wenzetu wa 19, akawauliza, mashine ikikataa karatasi yangu, hunyamaza au huniambia? Wakasema hukwambia, hutoa ujumbe. "Na ujumbe huo wapita wapi?" Walitazamana, kisha mmoja wao akasema pole pole kwamba unapita getini. Katika skrini ile kulikuwa na kazi tano, na katika kila kazi wao walikuwa wamesahau ujumbe mmoja. Wakaongeza tano, nao wakafika 24.

Baada ya hapo akaiandika hesabu yenyewe kwa namna ya bandarini, vijiti vinne vya wima na cha tano kinakatiza. Kusajili kontena: taarifa yaingia, mteja asomwa, meli yasomwa, kontena laandikwa, ujumbe watoka, vijiti vitano, fungu moja zima. Kutafuta, vinne. Kusahihisha, vinne. Kufuta, vinne. Kisha ikaja kazi ya kukokotoa ada ya siku za kuchelewa, ambayo ndani yake huingia taarifa, husomwa kontena, husomwa tarehe ya meli kutua, husomwa viwango vya ada, huandikwa deni, na hutoka hati pamoja na ujumbe, saba. Ubaoni pakawa na mafungu manne na vijiti vinne pembeni ambavyo havikukatwa. Mzee akaweka kalamu chini, akafuta vidole vyake kwa leso, akarudi kwenye kiti chake. Mwalimu hakuongeza neno. Alichofanya ni kutupa skrini ya pili tuipime kwa geti lile lile, ile ya kubadilisha neno la siri, na makundi yote mawili yakapata jawabu moja mara moja: nne.

Ishirini na nne, na nne. Wiki moja, na wiki moja.

Skrini ya neno la siri niliiandika mimi. Skrini ya kontena ilikuwa ya yule kijana.

Mchana wenzangu waliteremka kula. Mimi nilibaki ukumbini na daftari, na mvua ilikuwa nyingi kiasi kwamba sikusikia hata adhana ya adhuhuri. Nilizipima skrini zote kumi na mbili, moja moja, nikiweka geti kwanza kama nilivyofundishwa. Jumla ilikuwa 187. Nikaigawa kwa miezi kumi na mmoja, nikapata 17 kwa mwezi, na huo ndio uliokuwa mwendo wetu wa kweli. Nikaifungua karatasi ya mkataba, nikapima yale tu yaliyokuwamo siku ya kutia saini, nikapata 98. Maana yake karibu nusu ya kazi iliingia baadaye, kwa simu na kwa mazungumzo ya mlangoni, nasi kila mara tulisema haina neno. Na hata zile 98 peke yake, kwa mwendo wa 17, zingechukua karibu miezi sita. Miezi mitatu haikuwahi kuwepo.

Kisha nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniagiza. Nilizigawa pointi kwa waandishi. Sisi wawili tulipewa skrini sita sita, na ofisi nzima iliuona mgao huo kuwa ni wa haki. Sita zangu zilikuwa na vijiti 61. Sita zake zilikuwa na 126. Mimi nilimaliza mapema nikasifiwa mbele ya watu, naye alikuwa akibaki ofisini mpaka feri ya Likoni inakaribia kupungua usiku, akiambiwa kila Jumatatu ajifunze kwangu.

Mzee karani aliporudi alinikuta nimekaa mbele ya ukurasa ule. Alitazama vijiti bila kuuliza ni vya nani. Nilimwambia, "Mzee wangu, hesabu hii imechelewa." Akakaa kiti cha pili yangu, akasema kwamba bandarini hesabu iliyochelewa nayo huandikwa, na huandikwa na tarehe ya siku iliyoandikwa, si tarehe ya siku mzigo uliposhuka. Nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Nyakati nyingine nadhani alikuwa akinihimiza, na nyakati nyingine nadhani alikuwa akinieleza tu utaratibu wa kazi yake.

Mafunzo yalitubadilisha, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Tangu mwezi uliofuata hatukupokea ombi jipya la mteja bila kulipima kwanza na kumwonyesha mteja namba yake. Kila kosa lililopatikana tuliandika limezaliwa hatua gani na limegunduliwa hatua gani. Na kazi haikugawanywa tena kwa kuhesabu skrini. Mfumo uliofuata tuliahidi miezi minane tukakabidhi wa tisa, na mkubwa wetu, ambaye mwanzoni aliuona mstari ule wa geti kuwa mchezo wa watoto, akawa anauchora mwenyewe mbele ya wateja. Namba zile nilimpelekea pia, zile za 61 na 126. Alizisoma mara mbili, akasema ni funzo zuri kwa siku za mbele. Barua ya yule kijana ilibaki katika faili lake kama ilivyokuwa, nami sikuomba itolewe, na hata sasa sina sababu ninayoweza kuiandika hapa ya kwa nini sikuomba.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka kadhaa mbele, kwenye msongamano wa Mwembe Tayari, akiwa na mtoto begani. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani nami nikamuuliza ya kwake, akaniambia kompyuta aliziacha na sasa anauza vifaa vya umeme. Daftari lilikuwa nyumbani. Nilisema nitampigia simu.

Mwanangu alinifuata chumbani juzi akanikuta na ukurasa umefunguka. Alipenda vijiti. Alikaa kitandani akavihesabu vyote kwa kidole, fungu kwa fungu, mafungu ishirini na matano na kimoja kilichobaki peke yake, akaniambia 126, akaniuliza mbona nilimwambia 187. Nikamwonyesha ukurasa wa pili wenye vile vyangu. Akaweka kurasa mbili pamoja, akatazama huku, akatazama huku.

"Kwa hiyo huyu alibeba vingi," akasema. "Alijua?"

Nikamwambia nadhani alijua, ila hakuwa na namba. Akaniuliza kama simu yake ninayo. Ninayo.