Saa ya Baba

Baba yangu hupika chai saa tisa za usiku. Si kila usiku, na hilo ndilo lililotuchanganya. Wiki mbili analala kama watu wengine, halafu kidogo kidogo anaanza kukesha, mpaka inafika mahali mchana kutwa anakoroma na usiku anapapasa masufuria jikoni. Jirani alisema ana mashetani. Daktari mmoja alisema ni uzee, akamwandikia vidonge vya usingizi. Vilimlevya tu, akajigonga kwenye kizingiti.

Baba haoni hata mwanga wa jua. Presha ya macho ilimaliza yote mawili. Adhana anaisikia, majogoo anawasikia, redio inamtajia saa. Mwili wake haujali.

Januari nikachukua daftari la hesabu, lile la visanduku. Kila siku safu moja, kila kisanduku nusu saa. Akilala napaka wino. Mwezi haujaisha nikaiona ngazi: kila siku wino umesogea kulia kisanduku kimoja. Aliyeanza kulala saa nne usiku, baada ya siku 24 akawa analala saa nne asubuhi.

Kumbe jambo hili lina wataalamu wake. Mzunguko wa saa ya ndani ya mwili si saa 24 kamili, kwa watu wengi huzidi kidogo, na mwanga unaopitia jichoni ndio unaoirudisha kwenye mstari kila siku. Mshipa wa jicho ukifa, saa inajiendea. Mwaka 2000 Robert Sack, Alfred Lewy na wenzao wa Portland, Marekani, waliandika habari za vipofu saba wa aina hii. Siku ya miili yao ilikuwa wastani wa saa 24 na nusu. Kisanduku kimoja! Waliwapa miligramu 10 za melatonini, homoni ya usiku, saa moja kabla ya kulala, na saa za miili ya watu sita kati yao zikarudi kwenye mstari.

Tena si kila kipofu. Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake waliwapima vipofu 11, wakakuta watatu ambao macho yao, ingawa hayakuona kitu, bado yalipeleka habari ya mwanga kwenye saa ya mwili. Jicho lina kazi mbili, na Baba amepoteza zote.

Daftari nimelipeleka kwa daktari mwingine. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia Baba mwenyewe. Melatonini ameiagiza, tunaisubiri.

Shida ni kwamba mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, baada ya swala ya Ijumaa. Nimehesabu visanduku: saa saba na nusu mchana Baba atakuwa kwenye usiku wa manane wake, naye ndiye walii, wa kumwozesha. Jana usiku nilimkuta jikoni, nikamwambia. Akakoroga chai.

“Na alfajiri nitakuwa macho?”

“Utakuwa macho, Baba.”

“Basi bwana harusi aje alfajiri.”