Kutoka La Grange hadi Sandy Hook: kuifuata shahada barabarani Kentucky

Katika mji wa La Grange, treni ya mizigo hupita katikati ya barabara kuu. Reli imelazwa kwenye lami ile ile ya magari, hatua chache kutoka milango ya maduka na migahawa, na wenyeji husogeza magari yao pembeni hata kabla honi haijalia. Niliianzia safari hapa, kama kilomita 40 kaskazini-mashariki ya Louisville kwa barabara ya I-71, kwa kuwa La Grange ndiyo makao makuu ya Kaunti ya Oldham. Jimbo la Kentucky lina kaunti 120. Oldham, pamoja na Fayette lilipo jiji la Lexington, ndizo ziko juu kabisa kwa watu wazima wenye shahada ya chuo kikuu: zaidi ya 40 katika kila 100. Milimani mashariki, mwisho wa njia niliyoichagua, wako 10 hivi katika 100, na kwingine hawafiki. Ukinyoosha moja kwa moja bila kupinda, ncha hizi mbili hazitenganishwi na hata saa nne za kuendesha gari.

Oldham haina chuo kikuu chake. Ina magereza matatu ya jimbo nje kidogo ya La Grange, na wafungwa, wengi wao bila shahada, huhesabiwa kama wakazi wa kaunti walikofungwa. Pamoja na mzigo huo inaongoza. Simama karibu na njia ya kuingilia I-71 asubuhi utaona sababu: magari yanaelekea Louisville kwa foleni, kwenye hospitali, benki na ofisi za sheria, na jioni yanarudi kwenye nyumba zenye viwanja vikubwa na shule zinazosifiwa. Asilimia ya shahada hupima mahali mwenye shahada anapolala. Haipimi alikosomea wala alikozaliwa. Asiyelishika hili ataisoma ramani nzima ya Kentucky kinyume.

Louisville yenyewe, Kaunti ya Jefferson, ina zaidi ya theluthi. Hapa na kule Lexington ndiko walikotua Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na habari ya shahada inawagusa kwa namna mbili. Kwanza, fomu ya serikali huuliza kiwango cha juu cha elimu ulichomaliza, popote ulipokimalizia. Aliyehitimu Lubumbashi akawa anapanga maboksi ghalani usiku anahesabiwa mwenye shahada sawasawa na daktari wa jirani. Takwimu haijui kama shahada inamlisha mtu. Ili imlishe, huanza na tathmini ya cheti cha nje: chuo chake cha zamani kitume matokeo yenyewe, kwa bahasha iliyofungwa au kwa njia ya mtandao, na tafsiri ya Kifaransa iwe ya mtafsiri anayekubalika. Mambo hukwama pale chuo cha nyumbani kisipojibu, au jina la kwenye cheti lisipolingana na la kwenye karatasi za uhamiaji. Lishughulikie jina kwanza, kabla hujalipia chochote.

Pili, Louisville kuna uwanja mkuu wa ndege za mizigo za UPS, na tangu 1998 kuna mpango uitwao Metropolitan College: anayefanya zamu ya usiku analipiwa ada katika Chuo Kikuu cha Louisville au chuo cha jamii (cha miaka miwili) cha Jefferson. Mpango ulizaliwa na uhaba wa wafanyakazi wa usiku kuliko na huruma, na nadhani ndiyo maana umedumu.

Kabla ya kuingia I-64 kuelekea mashariki, neno kuhusu namba zenyewe. Baada ya sensa ya 2000 hakuna tena fomu ndefu ya sensa, ile iliyouliza elimu. Elimu sasa hupimwa na utafiti wa sampuli, ACS, unaotuma fomu kwa anwani milioni 3.5 hivi kila mwaka nchini Marekani. Kaunti yenye watu 65,000 au zaidi hupata takwimu za kila mwaka. Nyingine zote husubiri mkusanyo wa miaka mitano, na kaunti nyingi za Kentucky zimo kundi hilo. Jedwali la kuchukua kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa ni B15003, la wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Jumlisha mistari ya 022 hadi 025 (shahada ya kwanza, ya uzamili, za taaluma kama udaktari na sheria, na ya uzamivu), gawanya kwa mstari wa 001. Mstari wa 021 ni wa digrii ya miaka miwili; ukiuchanganya humo, kaunti yenye chuo cha jamii itapaa bila haki. Mistari ya 019 na 020 ni ya walioingia chuoni wakatoka mikono mitupu, na milimani hiyo ndiyo mistari ya kukaa nayo.

Kila namba huja na kiwango chake cha makosa. Kaunti ya Owsley ilikuwa na watu 4,051 katika sensa ya 2020. Kwa wachache hivyo, tuseme makadirio ni 10 na kosa ni 3, jirani yake 13 na kosa 3. Tofauti ni 3, lakini kosa la tofauti ni kipeuo cha pili cha 9 jumlisha 9, yaani 4.2. Basi huwezi kusema kaunti moja imeizidi nyingine. Magazeti husema kila mwaka. Kosa jingine ni kulinganisha mikusanyo inayopandiana, mfano 2017 hadi 2021 na 2018 hadi 2022, ambayo inagawana miaka minne. Chukua 2014 hadi 2018 dhidi ya 2019 hadi 2023.

Kwa jimbo zima namba ni imara. Mwaka 1990 Kentucky ilikuwa na asilimia 13.6 na Marekani yote 20.3. Mwaka 2000 ikawa 17.1 kwa 24.4. Siku hizi Kentucky imepita robo, taifa limepita theluthi, na pengo bado ni la pointi saba hadi nane. Jimbo limekimbia sana, tatizo ni kwamba na wengine wanakimbia.

Lexington unaingia katikati ya mashamba ya farasi, uzio baada ya uzio, nyasi zilizostawi juu ya mawe ya chokaa. Chuo Kikuu cha Kentucky, cha tangu 1865, hapa ndicho mwajiri mkubwa kwa hospitali yake na maabara zake. Wanafunzi wa bwenini wenye miaka 19 au 20 hawamo kwenye asilimia, kwa kuwa hesabu huanzia 25. Wanaoipandisha ni maprofesa, wauguzi, madaktari walio mafunzoni, na wahitimu waliopata kazi wakaghairi kurudi kwao. Wengi wa hao "kwao" ni huko ninakoelekea.

Kusini kwa I-75 ni Kaunti ya Madison, yenye karibu theluthi. Inabebwa na vyuo viwili: Eastern Kentucky mjini Richmond na Berea College. Berea ilianzishwa 1855 na mhubiri aliyepinga utumwa, John G. Fee, ikafundisha weusi na weupe darasa moja hadi sheria ya jimbo ya 1904 ilipokataza. Chuo kilikwenda Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa 1908. Marufuku haikulegezwa hadi 1950. Tangu 1892 hakitozi ada. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na wengi wao wanatoka milima ya Appalachia. Usisahau kwamba chakula na malazi ni suala tofauti na ada, na huko ndiko familia hushtukizwa.

Toka Berea kwa KY 21 hadi Bighill, kisha US 421. Usirudi I-75: utafika haraka, ila hutaona kitu. Barabara inapanda, kona zinabana, simu inapoteza mtandao, nawe unaingia Kaunti ya Jackson. Makao yake, McKee, ni kimji kidogo mno. Wengi husema huku hakuna shahada kwa sababu hakuna intaneti. Ushirika wa simu wa PRTC ulishamaliza kufikisha nyuzi za faiba kwenye nyumba za Jackson na Owsley kufikia 2014, na palipowashinda magari walimtumia nyumbu, Old Bub, kuvuta nyaya kwenye miteremko. Kasi ya intaneti hapa inaishinda ya miji mingi mikubwa. Ilileta kazi za kupokea simu za wateja kutoka nyumbani, kazi zisizodai shahada. Waya pekee haumpi mtu saa tatu tulivu za kusoma wala wa kumwachia mtoto.

Manchester, Kaunti ya Clay, ina tawi la chuo cha Eastern Kentucky na gereza la serikali kuu. Ukiuliza ada inatoka wapi, utatajiwa KEES, ufadhili wa jimbo unaotokana na bahati nasibu. Unavyofanya kazi ni hivi: kila mwaka wa sekondari ya juu wenye wastani wa alama 2.5 kati ya 4.0 humwekea mwanafunzi dola 125, wa 4.0 dola 500; alama za ACT, mtihani wa kuingilia chuo, huongeza hadi 500 kwa anayepata 28 na zaidi. Aliyefanya vizuri kabisa kote hupata dola 2,500 kwa mwaka wa chuo, huku ada ya Chuo Kikuu cha Kentucky kwa mkazi ikizidi 12,000. Na haki hiyo hukoma miaka mitano baada ya kumaliza sekondari. Aliyeshuka mgodini akiwa na 18, mgodi ukafungwa akiwa na 35, haimhusu tena. Kwake kuna Work Ready, unaolipia ada ya vyeti na digrii za miaka miwili katika sekta zenye uhitaji, afya na ujenzi zikiwemo. Nzuri, ila haiigusi mistari ya 022 hadi 025. Kinachowakwamisha wengi kurudi ni kidogo zaidi: deni la zamani chuoni, mara nyingine dola mia kadhaa tu, linalozuia nakala ya matokeo isitolewe. Ulipe hilo kwanza. Masomo uliyokwisha kufaulu yanaweza kukuokolea mwaka mzima.

KY 11 inakupitisha Oneida hadi Booneville, makao ya Owsley. Mahakama katikati, shule, zahanati, na mazungumzo yameisha. Wenye shahada hapa wengi ni walimu na wauguzi. Kwa miaka mingi jimbo lilimlazimisha kila mwalimu kupata shahada ya uzamili au mfano wake ndani ya miaka 10. Sharti liliondolewa 2018, ngazi za mshahara zikabaki. Ndiyo sababu katika kaunti ndogo namba ya mstari wa 023 mara nyingi inaikaribia ya 022, jambo linalomshangaza mgeni anayedhani kila kitu hapa ni haba. Shule ikipunguza walimu kwa kukosa wanafunzi, asilimia ya kaunti nzima inatikisika.

Hazard, kwa KY 30 hadi Jackson na kisha KY 15, nilipita upesi. Palikuwa mji wa makaa ya mawe, leo ni mji wa hospitali. Chuo chake cha jamii kimewekeana mipango na vyuo vikuu ili mtu amalize shahada ya kwanza papo hapo bila kuhama, na hakuna sera nyingine niliyoiona huku yenye akili kuliko hiyo, maana anayehama kusoma ndiye anayehesabiwa Fayette.

Kupitia West Liberty na KY 519 unafika Morehead, Kaunti ya Rowan. Mwaka 1911 msimamizi wa shule hapa, Cora Wilson Stewart, alifungua madarasa ya usiku kwa watu wazima wasiojua kusoma, siku za mbalamwezi, ili waione njia. Walitarajiwa 150 hivi. Wakaja takriban 1,200. Leo Rowan ina chuo kikuu cha Morehead State, na imepita robo.

Fuata KY 32 hadi Elliott, kaunti jirani, na namba inaporomoka hadi kwenye 10 hivi. Usikimbilie kulaumu shule. Elliott ilikuwa na watu 7,354 mwaka 2020, na karibu na Sandy Hook kuna gereza la wanaume la Little Sandy, lenye nafasi ya karibu watu elfu moja, wengi wao si wa huku. Wote wamo kwenye mstari wa 001. Ili kuwaondoa, liache B15003, fungua B15002 linalotenganisha wanaume na wanawake. Jumlisha mistari ya 032 hadi 035, gawanya kwa 019: hiyo ni asilimia ya wanawake pekee, ambao gereza halijawagusa. Fanya vivyo hivyo kwa Clay, McCreary, Martin na Morgan, ambazo nazo zina magereza ya wanaume. Halafu ilinganishe na ya wanawake wa Rowan au wa Owsley, kamwe si na ya watu wote, kwa sababu ualimu na uuguzi huwapandisha wanawake milimani kote hata pasipo gereza. Na kwa Oldham fanya pia.