Nilivyopima hatari ya tonado kabla ya kuhamia Oklahoma

Mume wangu alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu Norman, mji wa jimbo la Oklahoma, Marekani, nyumba yetu hapa Majengo, Moshi, iligeuka kama ya matanga. Kila asubuhi baba mdogo alitutumia video za tonado, ule upepo wa kisulisuli unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi na kung'oa mapaa. "Mnawapeleka watoto kufa," alisema. Dada mmoja wa kanisani, aliyewahi kuishi Marekani, akanishauri nifungue madirisha yote upepo ukikaribia ili nyumba isipasuke, na nikiwa barabarani nijifiche chini ya daraja. Bado naumia nikikumbuka alivyosema kwa uhakika. Madirisha wazi hayaokoi nyumba, na chini ya daraja upepo unabanwa ukazidi kasi. Tonado za Mei 3, 1999 ziliua watu waliojificha chini ya madaraja huko huko Oklahoma.

Nilianza vibaya. Nilifungua ramani ya tonado zote zilizorekodiwa tangu 1950, nikakuta jimbo zima limejaa mistari, hakuna hata pa kuweka kidole. Nililia. Nikamwambia mume wangu aende peke yake, na wiki ile tulisalimiana tu.

Kilichonitoa pale ni karatasi na mkasi wa watoto. Nilichukua tonado ya Moore, mji unaopakana na Norman, ya Mei 20, 2013, iliyoua watu 24. Ilipita kilomita 22 hivi, na ilipopanuka kabisa ilifika karibu kilomita 1.7. Nikakata ukanda kwa kipimo cha ramani ya Moshi, nikaulaza juu ya mji. Ulimeza mnara wa saa, stendi na soko la Mbuyuni kwa pamoja, ukanyooka kuelekea Himo. Nilitetemeka. Lakini Kibosho haikuguswa, Machame haikuguswa, Rombo ndiyo kabisa. Na Oklahoma ni kubwa kama mara 13 ya mkoa wetu wa Kilimanjaro! Tena ile ya Moore, kwa kipimo cha nguvu za tonado kinachoanzia 0, ilikuwa ya daraja la 5, la juu kuliko yote. Nyingi kati ya tonado 1,200 hivi zinazopiga Marekani kwa mwaka ni za daraja la 0 na 1. Nilimpelekea baba mdogo ule ukanda. Aliutazama muda mrefu, akanyamaza. Shamba lake liko kando ya Mto Rau, na anajua mwenyewe maji yakifurika yanapita kwa nani na yanamwacha nani.

Basi nikaacha kuuliza kama Oklahoma ni hatari. Nikauliza: onyo likitoka, tutakimbilia wapi? Tahadhari ya jumla hutolewa saa kadhaa kabla, ila onyo lenyewe, kwamba tonado imeonekana kwa macho au kwa rada, mara nyingi linakupa dakika kumi na kitu, pengine pungufu. Tulipewa nyumba ya trela, yaani nyumba nyepesi ya kuvutwa na gari, nzuri, bei rahisi, mume wangu alikuwa karibu kulipa. Nikagoma. Trela hupinduliwa hata na tonado ndogo. Tumepata chumba cha chini kwenye jengo imara, bafu liko katikati na halina dirisha. Tunaongeza kama dola mia mbili kwa mwezi, labda na zaidi kidogo. Mwulize mwenye nyumba pa kujihifadhi kabla hujauliza jiko. Na redio ya hali ya hewa ya betri usiiache, maana tonado nyingine huja mmelala.

Tunaondoka Agosti. Msimu mkali wa kule ni Aprili hadi Juni, kwa hiyo tutapata miezi ya kuzoea.

Jumamosi tulifanya zoezi la kukimbilia kwenye stoo yetu. Dakika sita! Nne ziliishia kutafuta viatu vya mdogo, na bila viatu huwezi kutoka juu ya vioo vilivyopasuka. Sasa viatu vya kila mtu vinalala kando ya kitanda chake. Jana usiku tulitumia dakika moja na nusu.