Saa 960 za Video

Kamera 40, siku moja tu: hizo ni saa 960 za video. Mpelelezi akitazama saa nane kila siku bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 120. Na macho huchoka mapema zaidi. Ndiyo maana naipenda kwa moyo wote kazi yangu ya kutengeneza programu za kuzigeuza video hizo kuwa michoro.

Kompyuta hupitia kwanza. Inapoona mtu, gari au begi, huweka nukta kwenye mstari wa muda na kwenye ramani. Mpelelezi akitafuta begi jekundu kati ya saa tatu na saa nne usiku, nukta maelfu hubaki kumi na kitu. Akibonyeza moja, video inafunguka palepale.

Kinachotutesa ni saa za kamera kutolingana. Safari moja tulimwona mtu akiingia mlangoni kabla hajavuka barabara! Tukatafuta gari lililopita mbele ya kamera zote mbili, ya barabarani na ya mlangoni, tukalinganisha, kumbe ile ya mlangoni ilikuwa nyuma kwa dakika saba.

Rangi nazo hudanganya. Chini ya taa za njano, koti la buluu huonekana jeusi. Kwa hiyo sikubali programu itoe jibu moja kavu. Mpelelezi lazima aitazame video yenyewe kabla hajaandika jina la mtu. Wiki hii nashughulikia hilo: nukta zenye shaka zichorwe kwa rangi hafifu, zionekane wazi kwamba ni za kukisia.