Siku Tisa Lubumbashi na Tanki Tupu Lililosoma 20

Noti yangu ya dola mia ilikataliwa mapokezi kwa mchaniko usiozidi punje ya mchele. Chumba dola 70 kwa usiku, maji ya moto hakuna, na ilikuwa Juni. Mtu wa Dar es Salaam akisikia Kongo anafungasha fulana. Hakuna aliyenikumbusha kwamba Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Nililala na koti. Ya foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nayaacha, aliyepita pale anayajua.

Nilitumwa kuwasha mfumo wa kuendesha pampu kwenye kiwanda cha kuchenjua shaba, nje kidogo ya mji. Programu tuliijaribu mezani Dar wiki tatu, na karatasi ya majaribio ina sahihi yangu. Siku tatu za kwanza zilikwenda kwa kusubiri: umeme, kebo, kibali cha getini.

Siku ya nne tukajaza tanki la asidi kwa maji, maana asidi yenyewe huingizwa maji yakishapita salama. Skrini ikasoma asilimia 98, na kweli lilikuwa limekaribia kufurika. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha.

Kisha tukaanza kulimwaga. Pampu ilitakiwa ijizime yenyewe kina kikifika asilimia 10. Skrini ikashuka 60, 40, 25, ikagota kwenye 20. Pampu inaunguruma. Nikadhani vali imeziba.

Mwendeshaji mmoja wa makamo, ambaye wote walimwita Papa, akasogea na spana yake akagonga ubavu wa tanki, chini kabisa. Ngoo.

"Mayi ilishakwisha, mwana. Pompe iko natumika bule."

"Inaandika ishirini, Papa."

Hakunijibu. Akagonga tena, safari hii akinitazama usoni. Ngoo. Hapo ndipo harufu ya mpira unaoungua ikanifikia, nikakimbilia kitufe chekundu. Sili ya pampu, ile inayozuia maji kuvuja, ilikuwa imekwisha.

Kosa lenyewe linauma kwa udogo wake. Sensa ya kina hupeleka umeme wa miliampea 4 tanki likiwa tupu, 20 likijaa. Ile 4 ya mwanzo ina maana yake: waya ukikatika inasomeka 0, unajua shida ni waya. Sisi kwenye programu tulipanga hesabu ianzie 0. Basi tupu, yaani 4 kati ya 20, ikasomeka asilimia 20, nusu ikasomeka 60, lakini kadiri tanki linavyojaa kosa linapungua, na likijaa kabisa halipo. Ndiyo maana siku ya kujaza tulishangilia. Na kule mezani hatukupitisha umeme kwenye kadi inayopokea waya za sensa hata mara moja. Tuliandika namba ndani ya programu, programu ikatii, tukatia tiki.

Nikapiga Dar. Wenzangu wako mbele yetu saa moja, walishatoka kazini. Asubuhi jibu likaja: "Huku inafanya kazi vizuri." Neno hilo lilinikera kuliko baridi. Nikabadilisha mstari mmoja, kisha nikarudia sensa zote 46, moja baada ya nyingine, kwa kifaa cha kupima mkononi, Papa akisoma skrini kwa sauti.

Sili mpya ikaagizwa Afrika Kusini. Siku za kuisubiri sina la kuzisimulia, ila bukari, ndiyo ugali wa kule, na sombe, yaani kisamvu, ya mama aliyeuza karibu na geti, chakula pekee ambacho sikulalamikia bei yake.

Usiku wa mwisho nilimpigia mke wangu Kigamboni. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka tangu Jumatatu. Nikamuuliza tanki la uani lina kiasi gani. Nikasikia kandambili zake zikipita sebuleni, mlango ukafunguliwa, halafu kwenye simu vidole vyake vikigonga plastiki, kuanzia juu kuja chini, mpaka mlio ukabadilika.

"Nusu," akasema.