Packard ya 1934: mbao kwanza, rangi baadaye

Watu wakiliona lile gari la Packard Eight la 1934 siku hizi, hema lake, yaani paa la kitambaa, limekunjwa nyuma na milango inafungika kwa mlio mmoja mzito, wanasifia rangi. Rangi ni kazi ya mwenzangu na aliifanya vizuri sana. Lakini gari la wazi hukaa sawa kwa sababu ya mbao zilizojificha chini ya bati, na mbao hizo ni kazi yangu. Nimechoka kusikia kwamba mlango ukishuka dawa yake ni kutia washa, yaani kipete bapa cha chuma, kwenye bawaba, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mimi ni seremala. Kazi nilifunzwa Mombasa na mjomba wangu, aliyekuwa akiunda mashua, na sasa niko Ohio kwenye karakana inayofufua magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Packard ina asili yake huku huku: ilianzia Warren, Ohio, mwaka 1899, ikahamia Detroit mwaka 1903. Hii tuliyoletewa ni ya injini ya silinda 8 zilizopangwa mstari mmoja, lita 5.2, nguvu farasi 120. Injini ilikuwa na fundi wake, mimi sikuigusa.

Miaka ile bodi ya gari la kifahari ilikuwa ni kiunzi cha mbao kilichovikwa bati. Mbao yenyewe ni ya mti uitwao ash, ule ule wa mipini ya nyundo na magongo ya besiboli. Ni ngumu, hunyumbuka, na hushika parafujo barabara. Adui yake ni maji. Hema huvuja, maji huteremka mlangoni, yanatuama kwenye kizingiti, na miaka inapita bila mtu kujua. Tulipofungua bati upande wa dereva, nguzo ya mlango ilimomonyoka mkononi ikawa unga wa kahawia. Kilichobaki kizima ni parafujo zake.

Basi ushauri ukamiminika. Kuna aliyesema tumimine resini ndani ya ule uozo. Resini inagandisha uozo, haiuponyi, na parafujo ukiifunga humo haina pa kung'ata. Mwingine akataka tuchomelee bomba za chuma. Gari hili likiwa barabarani bodi yake hucheza kidogo, ndivyo lilivyoundwa. Ukitia chuma kigumu katikati ya mbao, mchezo wote unahamia kwenye bati, na bati litapasuka kwenye maungio.

Ushauri uliotupotezea muda mwingi zaidi ulitoka kwa msimamizi wangu mwenyewe. Nguzo ya upande wa abiria ilikuwa nzima, akasema: chukua kiolezo chake, kipindue, chonga ya upande wa pili. Nilimwambia bodi hizi zilikamilishwa kwa mikono, sidhani kama kulia na kushoto ni sawasawa. Akasisitiza, na karakana ni yake. Nikaichonga kama alivyotaka, mashimo ya ndimi, pale mbao zinapoungana, nikayapiga kwa patasi, nikaipiga randa mpaka ikang'aa. Tukaipachika. Chini ilikaa vizuri sana, msimamizi akatabasamu. Kufika usawa wa kitasa bati likaanza kutuna kwa nje, na juu kabisa nguzo ilikosa ukingo wa bati kwa upana wa kidole. Tukajaribu kuivuta kwa jiriwa ikakubali, tukaachia ikarudi ilikotoka. Aliizunguka ile nguzo muda mrefu, kisha akaniambia nifanye ninavyojua mimi.

Ninavyojua mimi ni kulisoma bati. Ukingo wa bati ulikunjwa ukapigiliwa misumari midogo kwenye mbao, na matundu ya misumari hiyo bado yapo. Nilikata kadibodi, nikaibana ndani ya bati, nikatia alama kila tundu kwa penseli. Mstari wa matundu ndio unaosema uso wa mbao ulipita wapi. Umbo la nguzo nikalipata humo, bila kuuangalia upande wa pili.

Halafu kuna uzi wa mbao, yaani mwelekeo wa nyuzi zake. Mjomba alinikataza kuchonga taruma, yaani mbavu za mashua, kwenye ubao ulionyooka. Alitafuta tawi lililopinda lenyewe ili uzi ufuate mpindo. Nguzo ya Packard ina mpindo pia. Ukiikata kwenye ubao wowote, penye mpindo uzi unakatika, na hapo ndipo itakapovunjika mlango ukipigwa kwa nguvu. Nilipekua rundo zima kwa muuza mbao mpaka nikapata ubao ambao uzi wake unapinda. Bei yake si ya kutisha, mbao zote za gari zilikuwa dola mia kadhaa tu. Kinachokula pesa ni saa za fundi, na kromu. Kromu peke yake ilizidi mbao mara nyingi.

Mbao zikishakaa, mwanya wa mlango haurekebishwi kwenye bawaba. Bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na katikati ya bodi na chesi kuna vipande bapa vya kuinulia. Paa la chuma halipo, kwa hiyo bodi ikilala katikati, nguzo mbili za mlango zinainamiana kwa juu: mwanya unabana juu, unaachia chini. Ongeza kipande chembamba chini ya bolti ya katikati uone mlango unavyopumua. Nilitia kimoja chenye unene wa sarafu, na mlango uliokuwa ukikwaruza ukafungika kwa kidole kimoja. Fanya haya injini na gia zikiwa ndani na gari likisimama kwa magurudumu yake, maana chesi hupinda kwa uzito. Na yote yaishe kabla mtu hajashika bomba la rangi.

Kingine, msikubali kuambiwa mbadilishe umeme wa volti 6 uwe 12 eti selfu, mota ya kuwashia injini, inazunguka kivivu. Volti 6 inataka mkondo mkubwa, kwa hiyo inataka waya nene. Yetu ilikuwa imewekewa waya nyembamba za betri za gari la kisasa, na kwa kuwa bodi ilipakwa rangi upya, waya wa betri haukuwa na chuma kitupu cha kushikia. Kwenye Packard hii ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye chuma cha gari. Tulikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, tukafunga waya nene za kipimo cha 2/0, selfu ikazunguka kama inavyotakiwa.

Hema lije mwisho, milango ikiwa imefungwa na vioo vimepandishwa. Na mbao za zamani, hata zilizooza, ziandike namba uziweke kwenye boksi mpaka gari limtoke fundi wa hema. Alipotaka kujua ukanda wa nyuma ulipigiliwa wapi, jibu lilikuwa kwenye kipande kimoja kilichooza nusu, matundu ya misumari bado yanaonekana.