Kumbukumbu ya mradi: kaliba na umri wa rivolva ya pini kutoka Liège

Rivolva niliyoinunua katika soko la Jumapili la La Batte, mjini Liège, haina jina la fundi, haina mwaka, wala haina tarakimu yoyote inayotaja kaliba yake, yaani kipenyo cha risasi inayotumia. Hali hiyo ni ya kawaida kwa silaha za Ubelgiji za karne ya 19, kwa kuwa kazi iligawanywa miongoni mwa mafundi wengi waliofanyia kazi majumbani: mitutu, kwa mfano, ilitengenezwa katika vijiji vya bonde la mto Vesdre, kisha wafanyabiashara wa mjini wakakusanya sehemu na kuuza silaha iliyokamilika. Kabla ya kupima chochote nilimulika kila chumba cha silinda kwa tochi, kwa sababu risasi ya pini hubeba ubavuni pini ndogo ya kuiwashia, na pini hiyo ikigongwa hata kwa kuanguka sakafuni inaweza kulipua baruti.

Kwamba ni ya pini hakuna shaka. Ukingo wa nyuma wa kila chumba umechongwa mwanya mdogo wa kupitisha pini, na nyundo hushuka kutoka juu badala ya kupiga kitako cha risasi. Casimir Lefaucheux alisajili mfumo huu nchini Ufaransa mwaka 1835, lakini ni mwanawe Eugène aliyeutia katika rivolva mwaka 1854, na miaka minne baadaye jeshi la majini la Ufaransa likaikubali rivolva hiyo katika kaliba ya milimita 12. Kwa hiyo silaha yangu haiwezi kutangulia 1854.

Kaliba haikunisumbua. Risasi za pini za rivolva zilitengenezwa kwa vipimo vilivyoachana sana, hasa milimita 5, 7, 9, 12 na 15, hivyo kosa dogo la kupima halibadilishi jibu. Nilipima vyumba vya silinda, si mdomo wa mtutu, ambao umelika na wenye mifereo inayopotosha kipimo. Vyote sita vinaangukia kwenye milimita 9.

Umri ndio ulionishughulisha zaidi, na hapa alama za nyumba ya majaribio ya Liège, mahali silaha zilipojaribiwa na kugongwa mhuri, zina thamani kuliko umbo lolote la mpini au nakshi. Juu ya silinda pana duara la yai lenye herufi ELG. Kuanzia mwaka 1893 duara hilo lilivikwa taji; langu halina, na sehemu ya chuma iliyo juu yake ni safi, haikusuguliwa. Kando yake pana herufi moja ya mkaguzi yenye kialama kidogo juu. Kialama hicho ndicho kinachoamua, kwa kuwa wakaguzi walitumia herufi yenye taji tangu 1853 hadi 1877, kisha wakahamia herufi yenye nyota. Kwa macho matupu ni doa tu. Nilizima taa ya chumba, nikaiweka tochi chini karibu usawa wa chuma ili mwanga upite kwa ubavu, nikatazama kwa kioo cha kukuzia: chini pana mstari ulionyooka, na juu yake vichwa vidogo vinasimama sambamba, bila ncha yoyote inayoelekea pembeni wala chini. Hilo ni taji.

Basi rivolva hii ilipita mikononi mwa mkaguzi kati ya 1854 na 1877. Fremu yake iliyo wazi, isiyo na daraja la chuma juu ya silinda, inafuata umbo la Lefaucheux na inalingana vyema na kipindi hicho. Wauzaji wengi huandika tu „mwaka 1880 hivi“ kwa kila bastola ya aina hii, kwa maoni yangu huo ni uvivu, maana dakika chache za kusoma alama zingewapa jibu bora.

Kutu nyepesi iliyo kwenye silinda nitaituliza kwa mafuta na kitambaa laini pekee. Msasa sitautumia, kwa kuwa taji lile lina kina kidogo mno. Kazi inayofuata ni kufungua vipande vya mbao vya mpini na kulinganisha namba za kuunganishia zilizo ndani na zile za silinda na mtutu, ili nijue kama sehemu zote zilitoka pamoja.